Kunguni, panya na paka wa nyumbani: yupi hasa anayeleta ugonjwa?

Swali: Daktari, salamu. Makazi yangu ni Arua mjini, ila tangu shule zifungwe tuko kwa wakwe zangu kijijini, upande wa Vurra, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa bati. Nina mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Wifi yangu alirudi kutoka shule ya bweni akatuletea kunguni, sasa hatulali. Jirani anasema kunguni akimnyonya mwenye UKIMWI kisha akakuuma wewe, umekwisha. Mama mkwe naye anataka paka wetu afukuzwe, eti paka na mimba havikai pamoja. Paka mwenyewe siku hizi hana kazi, maana panya wanajifia tu. Wiki hii tumeokota wawili nyuma ya gunia la muhogo, na sumu hatujaweka. Mende wapo, mijusi wapo, na kuku tunalala nao chumba kimoja. Mume wangu amenunua dawa kwa mchuuzi anayepita na kipaza sauti, anataka kupulizia godoro. Je, ni kweli wadudu na wanyama wa nyumbani wanaambukiza watu magonjwa? Nianze na yupi?

Jibu: Dada yangu, ndiyo, wanaambukiza, lakini si wote, na si wale unaowadhania. Umewataja wanyama sita na umewapanga kwa kadiri wanavyokuudhi. Kunguni amepata maelezo marefu kuliko wote. Panya waliojifia umewapa nusu ya sentensi, tena ukiwa unamcheka paka. Niliposoma hapo niliacha chai yangu nikakutafuta kwa simu, na namshukuru Mungu kwamba nyumbani hapakuwa na mwenye homa na kwamba mkweo alipeleka habari kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, jioni ileile. Sasa najibu kwa utulivu, kwa faida yako na ya wengine wanaolala nyumba kama hiyo. Lakini bado naanza na panya.

Panya hafi ovyo mbele za watu. Akizeeka au akiumia, hujificha shimoni na kufia huko. Panya anayetoka mchana akiyumba kama mlevi, haogopi mtu wala paka, kisha akafia sakafuni au nyuma ya gunia bila kulishwa sumu, huyo anakupa habari. Na kwenu habari hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu milima ya Arua na Zombo inayopakana na Kongo ndiyo sehemu ya Uganda ambako tauni imekuwa ikijirudia kwa miaka mingi. Wazee wa huko hawahitaji daktari kuwaambia. Wanajua kwamba panya wakianza kufa, watu hufuata.

Ugonjwa huu una bakteria wake, aliyetambuliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894, na kinachomhamisha kutoka kwa panya kwenda kwa mtu ni kiroboto. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaana ndani yake mpaka wakaliziba koo lake kama kizibo cha chupa. Kuanzia hapo ana njaa isiyokwisha. Anauma, anavuta damu, damu inagonga kile kizibo na kurudi kwenye ngozi ya aliyeumwa ikiwa imechukua bakteria. Anahama, anauma tena. Panya akiwa hai, kiroboto hana haja ya kwenda mbali. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto wanatoka mmoja mmoja kutafuta mwili mwingine wenye joto. Aliye karibu ni nani? Mtoto aliyelala kwenye mkeka. Bibi aliyekaa chini akimenya muhogo. Paka.

Wakati nikifanya kazi ya kutembelea vijiji vya huko, niliwahi kuuliza katika boma moja kama wameona panya waliokufa. Kabla mzee wa nyumba hajanijibu, kijana wa miaka kama minane alikimbilia nyuma ya jiko akarudi amemshika panya mkia, anamning'iniza mbele yangu kwa fahari. Tumboni mwa yule panya, katikati ya manyoya, niliona vitu vidogo vya rangi ya kahawia kama punje za ufuta vikitembea. Nikiwa bado sijafungua mdomo, viwili vilikuwa kwenye kola ya shati la mtoto. Tulimvua shati likatiwa kwenye maji ya moto, akaogeshwa, na mhudumu wa afya wa kijiji akawa anapita kila siku kwa wiki nzima kumpima joto. Hakuugua. Lakini tangu siku hiyo siulizi tena swali lile mbele ya watoto bila kutanguliza onyo.

Basi panya akijifia: usimshike kwa mkono mtupu, usimchune, na nakuomba sana asiliwe, hata kama pale nyumbani panya wa shambani ni kitoweo. Watoto na paka wasogezwe mbali. Aitwe mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, kwa sababu panya huyo anaweza kutakiwa kwa vipimo. Kama hakuna wa kuja, mtu mmoja avute mzoga kwa jembe la mpini mrefu, autie kwenye shimo refu, aufukie. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea kwa nia njema: usikimbilie sumu ya panya wakati huo. Ukiua panya 20 kwa usiku mmoja umewafungulia mlango viroboto wa panya 20. Wanaanza kuuawa viroboto, kwa dawa ya wadudu inayopuliziwa na watu wa afya, kisha ndipo panya.

Kwa muda wa wiki moja baada ya kuokota panya wale, kila mtu wa nyumba hiyo aangaliwe. Homa ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma vibaya, na hasa mtoki, yaani tezi iliyovimba na kuuma, kwenye kinena, kwapani au shingoni: huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na aliyempeleka aseme wazi, "Nyumbani kwetu panya wamekufa." Sentensi hiyo inaokoa maisha, kwa kuwa bila hiyo homa yoyote Uganda hudhaniwa malaria. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila wagonjwa 100. Ikitibiwa mapema kwa antibiotiki za kawaida kabisa, wengi sana hupona. Ikiachwa ikaingia mapafuni, inaanza kuruka kutoka mtu hadi mtu kwa kikohozi, na hapo haina tena haja ya kiroboto. Nimeona watu wanunue vidonge vinne dukani wakangoja asubuhi. Msingoje asubuhi.

Hata panya wasipokufa, gunia la muhogo litoke chumba cha kulala. Chakula kikilala na watu, panya hulala na watu. Na mtoto apate kitanda, hata cha fito, badala ya mkeka. Kiroboto anaruka, ila haruki mbali.

Sasa kunguni wako, ambao najua wanakutesa.

Jirani yako amekosea, na naomba umwambie kwa upole kwamba amekosea. Kunguni haambukizi UKIMWI. Mbu vilevile haambukizi UKIMWI. Sisemi hivi ili kukutuliza. Kuna sababu mbili ambazo hata wewe unaweza kuzipima. Ya kwanza iko ndani ya mdudu. Virusi vya UKIMWI vinaishi kwa kujiingiza katika chembe fulani za damu ya binadamu. Tumboni mwa kunguni chembe hizo zinasagwa kama chakula kingine chochote, na virusi vinasagwa nazo. Tena kunguni anapouma harudishi damu ya jana mwilini mwako: mdomo wake una mrija wa kutoa mate na mwingine wa kuvuta damu. Sababu ya pili iko mbele ya macho yetu Waganda. Tangu ugonjwa huu ulipoanza kuonekana Kasensero, wilayani Rakai, mwaka 1982, tumezika watu wengi mno, na tumejifunza ni nani anaugua. Wanaugua watu wazima, na watoto waliouchukua kwa mama zao. Watoto wa miaka minane waliozaliwa bila virusi wanaumwa na kunguni na mbu kila usiku kuliko mtu yeyote. Kama mdudu angekuwa analeta UKIMWI, shule zetu za msingi zingekuwa zimejaa. Hazikujaa.

Wala si UKIMWI tu. Pamoja na damu yote anayokunywa, hakuna ugonjwa uliothibitishwa kwamba kunguni anauhamisha kutoka kwa mtu hadi mtu majumbani. Ubaya wake ni mwingine: mwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoingia usaha, usingizi unaokatika, na aibu. Kwa mwenye mimba, kukosa usingizi ni jambo kubwa, sitaki lidharauliwe. Wifi yako asilaumiwe. Mabweni yetu yana kunguni, na sanduku la mwanafunzi ndilo basi lao la kurudia nyumbani.

Kunguni anaondolewa kwa joto na kwa subira. Chemsha mashuka, vyandarua visivyo na dawa na nguo zote za sanduku lile. Toa kitanda nje, kigonge, na umwage maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao na kwenye kila ufa, huko ndiko wanakobandika mayai. Godoro lipigwe pasi ya moto mishononi. Kisha rudia baada ya siku saba hadi kumi, na tena baada ya hapo, kwa kuwa mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Ukifanya mara moja tu ukashangilia, watarudi, na kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula akikungoja.

Lile chupa la mchuuzi lisiguse godoro. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu limenigusa. Nilifika nyumba moja ambako mama alipulizia kitanda dawa ya shambani iliyokuwa imepimwa kwenye chupa ya soda, bila karatasi wala jina. Asubuhi mtoto alikuwa anatokwa na mate kama bomba bovu, jasho limemlowesha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Alifikishwa hospitali kwa boda boda akapona, lakini nusura tumpoteze. Kunguni walikuwepo bado. Dawa nyingi za kupulizia kunguni wamezizoea. Watoto wetu hawajazizoea. Kama chupa haina jina la dawa, haina maelekezo na haisemi inatumika wapi, mumeo airudishe au aifukie mbali na kisima, na chupa yenyewe isiwekewe mafuta wala maji.

Dada, katika barua yako yote kuna mdudu mmoja ambaye hayumo. Umetaja mpaka mijusi. Mbu hukumtaja.

Naelewa kwa nini. Kunguni anaonekana kama mgeni mwenye fedheha, mbu ni kama mtu wa nyumbani. Lakini nikipewa nafasi ya kumtoa mmoja tu katika chumba chako usiku huu, kunguni nitawaacha, mende nitawaacha, nitamtoa mbu. Na si kila mbu. Anayeleta malaria ni jike wa Anofelesi, maana dume halinyonyi damu kabisa. Ukimwona ukutani utamjua kwa kukaa kwake: amebinua sehemu ya nyuma juu, kama mtu aliyeinama kufua. Yeye hafanyi kama yule kunguni anayesaga kila kitu. Vimelea vya malaria vinamhitaji. Vinaingia tumboni mwake na damu ya mgonjwa, vinakutana humo dume na jike, vinazaana, na baada ya siku 10 hadi 14 hivi vinahamia kwenye mate. Ndiyo tofauti kati ya mdudu aliyekula kitu na mdudu aliyegeuzwa kuwa nyumba ya kitu hicho.

Mwenye mimba malaria humwingilia kwa namna yake. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, ambako kipimo cha kidole huweza kuvikosa, na mama akajiona mzima huku damu inapungua na mtoto ndani hapati chakula chake sawasawa. Mtoto huzaliwa mdogo, au kabla ya wakati. Kwa hiyo una mambo mawili ambayo hayangoji. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, wewe na mwanao, na uingie mapema. Mkishachemsha mashuka kwa ajili ya kunguni, chandarua chenye dawa kisichemshwe. Kioshwe kwa maji ya baridi na sabuni laini, kianikwe kivulini. Na nenda kliniki ya wajawazito upewe Fansidar, dawa ya kukukinga na malaria. Inatolewa kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kila unapohudhuria, mradi mwezi mmoja umepita tangu ya mwisho. Kama unameza antibiotiki iitwayo Septrin kwa sababu yoyote, mwambie mkunga kabla hujaimeza, hizo mbili hazichanganywi. Mtoto utakayemzaa, akifikisha miezi 6, aanze chanjo ya malaria ambayo Uganda iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2025. Chanjo haiondoi chandarua.

Na mbu si malaria pekee. Nchi yetu ina historia ndefu na wadudu hawa: virusi vya Zika vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kwa tumbili aliyewekwa mtini na watafiti wa homa ya manjano. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1937, damu ya mwanamke mwenye homa huko kwenu, eneo la West Nile, ilitoa virusi ambavyo dunia nzima sasa inaviita West Nile. Hivyo vinakaa kwa ndege, na mbu anavihamisha. Mtu akisikia jina hilo akiwa New York hajui kwamba ni jina la nyumbani kwenu.

Mende na nzi nawaweka pamoja kwa sababu kazi yao ni moja: ni viatu vyenye matope. Ugonjwa hauzaani ndani yao kama malaria ndani ya mbu, unajibandika tu miguuni na mdomoni. Nzi hana meno. Akitua kwenye uji wa mtoto hutapika kidogo kile alichokula kabla ya hapo, ili kulainisha, kisha hufyonza. Na kabla ya hapo alikuwa wapi? Kama choo chenu cha shimo hakina kifuniko, unajua jibu. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupita njia hiyo pia, ingawa maji machafu na mikono michafu hubeba zaidi. Mende naye hutoka chooni usiku kuja kwenye sahani, na zaidi ya hapo vumbi la kinyesi na magamba yake huamsha pumu kwa watoto wengine. Fanya hivi: shimo la choo lifunikwe, sahani zisilale na makombo, chakula kifunikwe. Kwa mende sina zaidi ya hayo.

Mjusi mwacheni. Hana sumu, na anakula mbu. Kinyesi chake kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, kwa hiyo mtungi wa maji uwe na kifuniko.

Kuku nao wana salmonela, na bakteria mwingine aitwaye kampilobakta, na mtoto wa miaka mitatu bado anapeleka mkono mdomoni. Najua kwa nini mnalala nao: wezi. Lakini kibanda cha fito kilichoshikamana na ukuta wa nyumba, chenye mlango unaofungiwa ndani, kinalinda kuku na kinamwacha mtoto na sakafu safi. Kama bado mko nao ndani, sakafu ifagiwe kila asubuhi kabla mtoto hajashuka kitandani. Na kuku wakianza kufa wengi kwa pamoja, msichinje waliobaki kwa haraka mkala. Mwiteni daktari wa mifugo.

Nyumba yenu ni ya udongo, kwa hiyo niseme neno juu ya papasi. Ni kupe laini wa rangi ya vumbi, anakaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu, anatoka usiku, ananyonya kama nusu saa na kurudi. Wengi wanamdhania kunguni. Yeye, tofauti na kunguni, analeta homa inayokuja siku chache, inaacha, inarudi tena, na mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto kwa homa hiyo. Ilikuwa hapahapa Uganda, mwaka 1904, ambapo madaktari Ross na Milne walionyesha kwamba homa hiyo inatoka kwa kupe huyu. Sakafu za saruji zimemnyima makao. Penye udongo, ziba nyufa kwa udongo mpya na ukandike vizuri, na kazi hiyohiyo itakusaidia dhidi ya kunguni na viroboto.

Mbwa hukumtaja, labda hamna, lakini jirani anaye. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa duniani vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, si kunyunyizwa, kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi kichaa. Kama kituo cha kwanza hakina chanjo, nenda cha pili. Usirudi nyumbani kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Nimemwacha paka wa mwisho kwa sababu mama mkwe hajakosea kabisa, na ni vizuri mumheshimu kwa hilo. Kuna kimelea kiitwacho toksoplazma ambacho paka hukitoa kwenye kinyesi. Mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza maishani akiwa na mimba, kinaweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho au ubongo, ama mimba ikatoka. Mpaka hapo mama mkwe yuko sawa. Lakini paka kwa kawaida hukitoa kwa wiki mbili au tatu tu katika maisha yake, mara nyingi akiwa mdogo na ameanza kuwinda. Kinyesi kibichi pia hakiambukizi papo hapo. Kinahitaji angalau siku nzima ndipo kianze kuambukiza. Manyoya yake na kukaa kwake karibu na miguu yako si shida. Watu wengi hukipata si kwa paka wao, bali kwa nyama ya mchomo ambayo ndani bado ni nyekundu, kwa mboga zisizooshwa, na kwa udongo wa bustani alikojisaidia paka wa mtu mwingine. Ukimfukuza huyu, wale wa kijiji wataendelea kuja bustanini, na panya watafurahi.

Kwa hiyo kwa ajili ya mimba, paka abaki. Nyama iive mpaka ndani, mboga zioshwe kwa maji mengi, na ukilima vaa glavu au vuta kavera, mfuko wa plastiki, mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Lakini kwa ajili ya wale panya waliokufa, wiki hizi mbili asilale kitandani nanyi wala na mtoto. Paka anaugua tauni vibaya, na Marekani kuna watu walioipata kwa kuumwa, kukwaruzwa au kukoholewa na paka wao. Mkiona amezubaa, anahema kwa shida, au ana uvimbe chini ya taya, asishikwe. Afungiwe kibandani na aitwe daktari wa mifugo. Akiwa mzima, wekeni karai la mchanga nje, upande wa nyuma. Mchanga huo autoe mumeo kila asubuhi, bila kuulaza, afukie na kunawa, na wewe usiuguse mpaka ujifungue.